Mgeni wa Wiki

Katika Kanisa la Chemchemi ya Rehema, mtaa wa Free Area, mgeni hasamehewi kusimama. Anaweza kuchelewa, anaweza kuketi nyuma kabisa karibu na mlango, anaweza kujifanya anamfunga mtoto kamba za viatu. Yote ni bure. Matangazo yakifika mwisho, Dada Jerotich atamwona. Atamnyoshea kipaza sauti kama mtu anayempa kikombe cha maji, na mgeni atasema jina lake, ametoka wapi, anakaa wapi na ameletwa na nani. Kisha kanisa zima litampungia mikono na kumwimbia, na wiki hiyohiyo akina mama watatu watabisha mlangoni kwake na sukari, unga na mafuta ya kupikia. Ni desturi nzuri. Wengi walioko kanisani leo waliingia kwa kuimbiwa hivyo, na wachache hawajapata mpaka sasa namna ya kuondoka.

Jerotich ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa kupokea maziwa katika chama kimoja cha wafugaji upande wa Njoro. Kila mkulima alikuwa na namba, na Jerotich alizijua zote bila kufungua kitabu. Hata leo, mkikutana naye mjini, anaweza kukusalimia kwa namba ya marehemu baba yako. Chama kilipokufa, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua na hakuna aliyeziandika, na mumewe akafa mwaka uliofuata kwa sababu zilizoandikwa vizuri hospitalini, alihamia Nakuru akapanga chumba na kutafuta watu wa kuwajua majina. Kanisa lilikuwa na watu sitini na watatu, pamoja na vichanga vitatu na mzee mmoja aliyekuja kulala. Katika mwezi mmoja aliwamaliza wote.

Kwa hiyo Pasta Wamalwa alipoambiwa na wakubwa wake kwamba kanisa lisilo mtandaoni ni kanisa lililofungwa, hakufikiria mara mbili. Alimtuma Jerotich kwenye semina ya siku moja mjini, katika ukumbi ulio juu ya duka la vyuma. Mwalimu alikuwa kijana anayeitwa Bravin, mwenye suruali ya kubana na subira nyingi.

"Mathe, watu hawafuati jengo," Bravin alimwambia. "Wewe unapost picha ya geti kila wiki. Nani anataka geti? Watu wanafuata watu. Onyesha uso. Simulia mtu mmoja. Eleza mahali vizuri, watu wasipotee. Na mtu akikuandikia, jibu kabla saa moja haijaisha. Ukinyamaza anaenda kwa kanisa lingine."

Jerotich aliyaandika yote katika daftari la mistari. Ushauri ulikuwa mzuri. Ni vizuri hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye watu walimtafuta Bravin wamlaumu, na Bravin hakuwa amekosea mahali popote.

Alichofanya Jerotich ni kuichukua desturi ya kanisa na kuipandisha mtandaoni jinsi ilivyo. Aliiita Mgeni wa Wiki. Kipande cha sekunde arobaini: mgeni amesimama, anasema jina lake, watu wanaimba. Chini yake Jerotich aliandika maelezo ya mahali mgeni anapokaa, ili washirika wajue pa kumtembelea. Mgeni wa kwanza alikuwa Mzee Sitati, mstaafu wa reli, ambaye hakuwa amebishiwa mlango kwa miaka miwili. Wiki hiyo walimjia watu kumi na mmoja. Aliwafukuza wote kwa furaha kubwa. Mwanafunzi mmoja wa Njoro aliyekuwa akishindia chai alipata nyumba tatu za kula kwa zamu. Mwenyeji mmoja wa Free Area aliyekuwa akifanya kazi Doha aliandika kwamba ameona kwao na amelia. Ukurasa uliokuwa na wafuasi mia moja na kumi na wawili ulifika elfu nne katika miezi minane, na kanisa likanunua viti vya plastiki.

"Dada Jerotich, sisi sasa ni wa kimataifa," Pasta Wamalwa alisema, akimaanisha yule wa Doha.

Mwezi wa saba, Jumapili ya baridi, mwanamke mmoja aliingia wimbo wa pili ukiendelea, akiwa na msichana wa miaka sita. Aliletwa na jirani yake Chepkurui, muuza mboga, mshirika wa siku nyingi. Walikaa nyuma. Matangazo yakaisha.

"Kuna dada pale wa sweta ya rangi ya maziwa. Simama mama, hapa hatuumi."

Watu walicheka. Mwanamke alisimama nusu, kama anayepima kama dari litamgonga.

"Naitwa Mama Shantel."

"Hilo ni jina la Shantel," Jerotich akasema. "Lako liko wapi?"

Kicheko tena.

"Awuor."

"Awuor wa wapi?"

"Naivasha. Nilikuwa Naivasha, kwa mashamba ya maua."

"Na sahii?"

Awuor aliitazama simu ya kanisa iliyosimama juu ya kijiti chake mbele ya madhabahu. "Hiyo inachukua?"

"Inakupenda!" Jerotich akajibu, na kanisa likapasuka kwa vicheko, na chini ya vicheko hivyo Awuor akaketi bila kusema anakaa wapi.

Mtu mwingine angeliacha hilo. Lakini Jerotich humjazia kila mgeni kadi, na kwake kadi yenye nafasi tupu ni kama debe la maziwa lisilo na namba: halijulikani la nani, na litaharibika. Baada ya ibada alimuuliza Chepkurui, Chepkurui akamweleza, na saa nane mchana ukurasa ukasema hivi: *Mgeni wa Wiki, dada yetu Awuor kutoka Naivasha na bintiye Shantel. Sasa ni majirani zetu, ploti ya vyumba yenye geti la kijani nyuma ya kinu cha unga. Tumtembelee, asijione peke yake.*

Kipande cha kawaida kilitazamwa mara mia tatu. Hiki, kufikia Jumanne asubuhi, kilikuwa kimetazamwa mara elfu moja na mia tisa. Jerotich alimpigia Bravin simu.

"Mathe, hiyo imeshika moto," Bravin akasema. "Ama kuna mtu ameketi mahali anairudia-rudia tu." Akacheka. Jerotich naye akacheka.

Kulikuwa na mfuasi mpya. Alijiita Mtumwa wa Msalaba na picha yake ilikuwa msalaba. Aliandika "Amina" chini ya kipande cha Awuor saa kumi na mbili asubuhi, akaandika tena saa moja, na saa mbili, na saa mbili na nusu. Kila mara Jerotich alijibu: "Amina, ubarikiwe." Alimpenda. Wafuasi wengi huandika Amina mara moja wakaenda zao.

Jumanne adhuhuri Mtumwa wa Msalaba alimwandikia pembeni.

*Bwana asifiwe mtumishi. Mimi ni kaka yake Awuor. Tulipotezana mama alipofariki. Nimelia sana kuona uso wake.*

Jerotich pia alilia kidogo. Alijibu kwa dakika nne.

*Nataka nimshtukize. Tafadhali usimwambie. Ni mlango gani, nisije nikabisha kwa watu wengine?*

Akamwandikia kwamba ni mlango wa nne, wenye pazia la maua mekundu. Kwamba Awuor anapika chapati katika hoteli moja karibu na barabara kuu na hutoka kazini saa kumi. Kwamba mtoto hutoka shule saa tisa na nusu na humngojea mamake kwa Chepkurui, mlango wa pili. Hili la mtoto hakuwa ameulizwa.

Jumatano saa nane na nusu Awuor alikuja kanisani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na aproni yake ya unga ilikuwa bado kiunoni. Jerotich alikuwa anapanga viti kwa ajili ya maombi ya jioni.

"Mama, ile video yangu. Ningeomba uitoe."

"Kuitoa? Awuor, hiyo ndiyo imefanya vizuri kuliko zote. Pasta ameituma mpaka kwa askofu. Jumamosi ataionyesha kwa mkutano wa makanisa kama mfano."

"Naelewa, mama. Lakini kuna mtu sitaki aione."

"Uliacha deni huko?"

"Hapana."

"Basi ni aibu tu. Hata mimi mara ya kwanza nilijiona nina shingo fupi. Itaisha." Jerotich akamshika mkono. Alikuwa na siri nzuri kifuani na siri nzuri humtoka haraka. "Na kuna mtu ameshaiona atakufurahisha sana. Siwezi kusema. Ni wa damu yako."

"Nani?"

"Si umeambiwa sisemi? Haya, kaka yako."

Awuor alimtazama. "Sina kaka, mama," akasema. "Kwetu tulizaliwa wasichana watano."

Nje mtu alikuwa anagonga mabati, paa la jirani. Jerotich alisikiliza nyundo hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, halafu akatoa simu ya kanisa mfukoni na kumpa. Awuor alisoma akiteremsha kwa kidole chenye unga. Alisoma na majibu pia. Alipofika mahali pa mtoto kidole kilisimama.

"Ni Baba Shantel."

"Umejuaje? Hakuna picha, hakuna jina."

"Ndivyo huandika. Mtumishi, tafadhali, Bwana asifiwe. Ndivyo huomba pia. Huwa anaomba kwanza."

"Kwanza kabla ya nini?"

Awuor alipandisha mkono wa sweta mpaka kiwiko. Mfupa ulikuwa umeungana vibaya, na mkono ulielekea upande ambao mikono haielekei. Akaushusha tena.

Simu ililia mkononi mwake. Ujumbe mpya. *Nimeshuka hapa steji mtumishi. Mungu ni mwema.* Na mikono miwili iliyokunjwa kuomba.

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Walipata bodaboda wakamlipa bila kuuliza bei, wakafika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu wa zamu alisema mtoto hatoki mapema bila barua. Jerotich aliandika barua hapohapo, kwa mwandiko wa karani, akaweka sahihi ya cheo ambacho hana. Kutoka hapo hawakurudi Free Area. Awuor aliacha chumba chake na vyombo vyake na pazia la maua mekundu, na Jerotich akawapeleka wote wawili Subukia, kwa binamu yake Chepchumba, anayekaa peke yake na ng'ombe wawili. Awuor alinunua laini mpya. Jerotich hakuiandika namba ile mahali popote. Alisomewa mara moja akaiweka alipoziweka za wakulima.

Yaliyotokea kwenye ploti aliyasikia kutoka kwa Chepkurui. Mwanamume alifika saa tisa na dakika arobaini. Alikuwa nadhifu. Alikuwa na mkate na soda mbili.

"Akanisalimia vizuri tu. Mathe, habari yako, nimekuja kuchukua mtoto. Nikamwambia leo mtoto amechukuliwa na mamake shuleni. Akasema sawa, nitangoja. Akangoja mpaka giza linaingia. Na ile kamba yangu ya nguo iliyokatika? Ameifunga. Hata hajaambiwa."

"Chepkurui, huyo ndiye alimvunja Awuor mkono."

"Huyo?" Chepkurui akawaza. "Lakini ameifunga vizuri."

Kituo cha polisi Jerotich alienda asubuhi yake. Ofisa alimsikiliza akiwa ameshika kalamu, jambo lililompa matumaini.

"Sasa huyu mtu amefanya nini?"

"Amekuja."

"Kuja si kosa, mama. Mwenye kupigwa ndiye aje aandikishe." Akaiweka kalamu chini.

Jerotich alimpigia Awuor simu akamweleza. Awuor akasema aliandikisha Naivasha mara mbili, na mara zote mbili Baba Shantel ndiye aliyekwenda kumchukua kituoni.

Jumapili iliyofuata Baba Shantel alikuja kanisani. Hakuketi nyuma. Alikaa kiti cha pili mbele, na matangazo yalipoisha alisimama bila kuonyeshwa.

"Bwana asifiwe. Naitwa Omolo. Natoka Naivasha. Nimeletwa na ukurasa wenu."

Kanisa lilishangilia. Ndiye mtu wa kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wake, kwamba mtandao umemleta, na Pasta Wamalwa alinyanyua mikono juu. Wakamwimbia. Omolo alifuta macho kwa leso iliyopigwa pasi. Alikuwa na sura ya kawaida kabisa, na hilo lilimsumbua Jerotich kuliko kama angekuwa na kovu. Nyuma ya kijiti cha simu alikuwa ameganda, na kwa mara ya kwanza tangu semina alisahau kubonyeza. Omolo alimwona. Akamtingishia kichwa kidogo, kama watu wanaofahamiana.

Wiki hiyo alipanga chumba. Mlango wa nne ulikuwa wazi.

"Pasta, huyo mtu amekuja kumtafuta mke wake ammalize," Jerotich alisema ofisini.

"Dada Jerotich. Mtu ametubu, sisi tumfukuze?"

"Ametubu nini? Amekitaja?"

"Ametubu kwa jumla."

"Mkono wa Awuor haukuvunjika kwa jumla."

Pasta alivua miwani. Si mtu mbaya. Ana watoto wanne na anaogopa vita vya nyumba za watu kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Wewe unajua alipo?"

"Sijui."

"Ungejua ungenisaidia. Fikiria tukiwapatanisha hapa mbele, laivu. Mke pale, mume pale, mtoto katikati. Fikiria ni nyumba ngapi zitapona kwa kutazama." Alikuwa ameshaiona. Uso wake ulikuwa na mwanga.

Omolo alikuwa mshirika mzuri, mtu hawezi kumpunja hilo. Alibeba viti. Alirekebisha spika iliyokuwa ikilia kama mbuzi tangu Pasaka. Aliwatembelea wagonjwa. Katika maombi ya Ijumaa alimwombea mkewe na bintiye kwa sauti ya chini, na akina mama wakalia, na baada ya maombi mmojammoja akamwendea Jerotich kumwuliza kwa upole kwa nini anawaficha. Wakati mwingine walimwuliza mbele ya Omolo, naye alisema, "Msimlemee mama. Atasema Mungu akimruhusu."

Mwezi wa tisa Pasta alitangaza kwamba Ndugu Omolo atasaidia kitengo cha mtandao. Dada Jerotich amechoka, amefanya kazi kubwa, apumzishwe kidogo. Akabidhi simu na kadi za wageni Jumapili ijayo.

Alhamisi Jerotich aliketi jikoni mwa kanisa na kufuta. Vipande vilikuwa sitini na kimoja. Simu ilimuuliza kila mara kama ana hakika, na kila mara alisema ana hakika. Mzee Sitati akafutika akiimbiwa. Mwanafunzi wa Njoro akafutika. Awuor alikuwa amemfuta siku ileile ya bodaboda, lakini alilitafuta tena jina lake, hata katika mapipa matatu ya ukurasa ambamo vilivyofutwa hubaki, ambayo Bravin alimwelekeza kwa simu. Kadi za wageni, za miaka sita, alizitia ndani ya jiko moja baada ya nyingine chini ya sufuria ya chai ya kwaya. Chai ilichemka vizuri.

Pasta alimwita mbele ya wazee wa kanisa. Alisema wafuasi mia sita wameondoka. Alisema kuna roho ya uharibifu. Jerotich alisema ndiyo.

Jumapili alikabidhi simu. Omolo aliipokea kwa mikono miwili, akaishikashika.

"Asante, mama. Imekuwa nyepesi."

"Nini?"

"Simu."

Wangeweza kumwondoa kabisa, na wengine walitaka. Omolo ndiye aliyemtetea. Alisema mama abaki kitengoni amfundishe kazi. Basi kila Jumapili wakakaa pamoja nyuma ya kijiti, viti viwili vya plastiki vimegusana, yeye akichukua picha na Jerotich akitazama mbele. Mgeni wa Wiki ilirudi. Omolo aliifanya vizuri kumshinda, maelezo mafupi, mahali pameelezwa wazi, majibu ya haraka. Wafuasi walirudi, wakazidi. Na kila ibada ikikaribia kwisha aliinama kidogo upande wake.

"Wale wako salama, mama?"

"Wepi?"

"Wale."

Hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo. Jerotich angeweza kuhamia kiti kingine, au kanisa lingine. Hakuhama. Aliona kwamba mtu huyu akiwa ameketi kando yake saa tano asubuhi, basi hayuko mahali pengine popote.

Katikati ya Novemba, Jumamosi mchana, ukurasa ulibandika picha ya mteremko wenye mashamba ya viraka na barabara nyekundu ikishuka. *Uumbaji wa Mungu*, maelezo yalisema. Hayakutaja mahali. Jerotich aliikuza picha kwa vidole viwili. Kisha akaona chini yake, kati ya Amina thelathini, mtu ameandika: *Amina! Hapo ni kwetu Subukia kabisa, karibuni maziwa.* Alikuwa binamu yake Chepchumba, mfuasi mwaminifu wa ukurasa tangu mwanzo, ambaye aliambiwa asimwambie mtu juu ya wageni wake na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amejibu picha tu. Omolo alikuwa ameshamjibu, katika dakika mbili: *Ubarikiwe mama. Tutakaribia.*

Jumapili kiti cha Omolo kilikuwa kitupu.

Jerotich alingoja wimbo wa kwanza. Alingoja wa pili. Simu ya kanisa ilikuwa kwenye kijiti, inachukua peke yake. Wimbo wa tatu ulipoanza alipita katikati ya viti mpaka nje, akasimama kando ya tangi la maji, akatoa simu yake mwenyewe na kubonyeza namba kumi kutoka kichwani.

Alipokea mtoto. "Hallo? Ni nani?"

"Shantel, mpe mama."

Ilichukua muda. Kuku walisikika.

"Mama Jerotich? Leo si Jumapili? Uko sawa?"

"Toka hapo."

"Nini?"

"Toka sasa hivi, wewe na mtoto. Mwambie Chepchumba pia aende kwa majirani. Hayuko kanisani."

"Nimeweka chakula kwa moto..."

"Kiache kwa moto. Awuor, sikiza. Nikikata, toa laini hii uivunje. Nenda mahali ambapo mimi sijui. Usinipigie. Usimtume mtu. Usiniambie."

Kuku walisikika tena.

"Sawa, mama," Awuor akasema. "Asante kwa..."

Jerotich akakata.

Alipogeuka, Omolo alikuwa upande wa pili wa tangi, ameegemea ukuta, mkono mmoja mfukoni. Viatu vyake vilikuwa safi. Havikuwa vimeenda mahali.

"Nilichelewa kidogo," akasema. "Hizi bodaboda. Unapiga simu wakati wa ibada, mama?"

"Nampigia binamu."

"Binamu." Akanyosha mkono. "Niazime nipige moja. Yangu haina chaji."

Ndani kwaya ilikuwa imepandisha sauti. Jerotich aliifunga simu kwa vidole vyote, naye Omolo akavifungua kimoja kimoja, bila haraka, bila kuumiza, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akaitazama namba iliyo juu kabisa. Akabonyeza. Akaweka spika ili wasikie wote wawili.

Kabla simu haijashika Jerotich alitambua kwamba hakuwa amemwacha Awuor muda wa kutosha hata wa kufungua kifuniko cha simu.

*Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa*, sauti ikasema.

Omolo alisikiliza mpaka mwisho, na ikarudia kwa Kiingereza, na akasikiliza hiyo pia. Akairudisha simu kwa mikono miwili.

"Mpaka leo asubuhi ulikuwa unajua na mimi sijui," akasema. "Ilikuwa inanisumbua. Sasa tuko sawa, mimi na wewe." Akakunja mkono wa shati, akaunyosha tena. "Subukia ni pakubwa?"

"Pakubwa."

"Mungu ni mwema." Akatazama mlango wa kanisa. "Matangazo yameanza. Kuna mgeni leo, nimemwona akiingia. Twende, mama."

Akatangulia. Jerotich alibaki kando ya tangi muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha akaingia, akapita katikati ya viti, akaketi kando yake, na hakuyaondoa macho yake kwenye mikono ya Omolo mpaka ibada ilipokwisha.